Usiku wa Kwanza Baada ya Upasuaji wa Moyo wa Mtoto

Saa saba usiku, katika chumba cha uangalizi maalumu, muuguzi wa zamu aliingiza mkono chini ya shuka na kuushika mguu wa mtoto wa miezi minne aliyekuwa na uzito wa kilo nne na nusu. Mtoto huyo alizaliwa na moyo usio na ukuta wa katikati, wenye vali moja pana mahali palipopaswa kuwa na vali mbili, na upasuaji wa kuutengeneza ulikuwa umekamilika saa kumi jioni. Skrini iliyokuwa juu ya kitanda haikuonyesha jambo la kutisha. Shinikizo la damu lilikuwa ndani ya mipaka, oksijeni ilikuwa asilimia 97, na mapigo ya moyo, ingawa yalikuwa yamepanda, yangeweza kuelezwa kwa homa au maumivu. Muuguzi akanigeukia, akasema: "Dokta, ubaridi umepanda. Saa sita ulikuwa kwenye vidole, sasa umefika gotini. Mkojo wa saa nzima ni mililita mbili, na mpira wa kifuani umeacha kutoa."

Mpira wa kifuani, unaotoa nje damu inayovuja baada ya upasuaji, unapoacha kutoa ghafla, mtu asiyeijua kazi hii anaweza kufurahi akidhani kwamba damu imekata. Muuguzi alielewa kwamba damu ilikuwa imeganda ndani ya mpira, na kwamba ile iliyoendelea kuvuja ilikuwa inajikusanya kuuzunguka moyo na kuubana usijae. Daktari wa upasuaji aliitwa, kifua kikafunguliwa palepale kitandani, donge la damu likaondolewa, na kabla ya adhana ya alfajiri miguu ya mtoto ilikuwa imerudisha joto lake. Siku ya kumi na nne alirudi nyumbani mgongoni kwa mama yake.

Nimeanza na usiku huo kwa sababu unabeba hoja yangu yote. Kwa mtoto mwenye kasoro tata ya moyo, upasuaji wenyewe ni saa chache katikati ya safari inayoanza siku kadhaa kabla ya kisu na kuendelea wiki kadhaa baada yake, na sehemu kubwa ya vifo vinavyoweza kuzuilika hutokea katika pande hizo mbili za safari. Hata hivyo, tunapozungumzia upasuaji wa moyo kwa watoto katika nchi zetu, tunazungumzia chumba cha upasuaji: idadi ya watoto waliofanyiwa, saa ambazo daktari bingwa alisimama, mashine iliyonunuliwa. Usiku unaofuata hauna nafasi katika taarifa zetu, na kitu kisichokuwa na nafasi katika taarifa huwa hakina nafasi katika bajeti.

Tatizo lenyewe si dogo. Takribani mtoto mmoja kati ya kila 100 wanaozaliwa hai huzaliwa na kasoro fulani ya moyo, na kwa dunia nzima makadirio ni watoto wapatao milioni 1.35 kila mwaka. Wengi wana tundu dogo linaloweza kuzibika lenyewe au kuzibwa bila kufungua kifua. Ninaowazungumzia hapa ni wale ambao maumbile ya moyo yamepotoka kwa namna kadhaa kwa pamoja: wenye tetralojia ya Fallot, ambao damu yao hupita kwa taabu kwenda mapafuni; wenye mishipa mikuu iliyobadilishana mahali; wenye chumba kimoja cha chini badala ya viwili. Hadi tarehe 29 Novemba 1944, siku ambayo daktari wa upasuaji Alfred Blalock, akielekezwa na msaidizi wake wa maabara Vivien Thomas aliyesimama nyuma yake, alimuunganishia mtoto wa Baltimore mshipa wa kupeleka damu mapafuni kwa wazo la daktari wa watoto Helen Taussig, watoto wenye midomo ya buluu hawakuwa na tiba yoyote ya upasuaji. Tangu wakati huo mbinu za kisu zimepiga hatua kubwa mno, na madaktari wetu wamezijifunza. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 ndani ya eneo la Muhimbili, Dar es Salaam, inawafanyia watoto upasuaji ambao miaka michache nyuma ulimaanisha rufaa ya India au Israeli. Kampala ina Taasisi ya Moyo ya Uganda, na Nairobi ina Hospitali ya Mater, ambayo tangu mwaka 1993 imekuwa ikiwakusanya watu kukimbia barabarani ili watoto wa familia maskini wapate upasuaji. Mikono ipo. Swali langu linahusu kilicho kando ya mikono hiyo.

Tuanze na jambo linaloonekana dogo kuliko yote, nalo ni kiu. Kila mgonjwa anayepewa dawa ya usingizi hutakiwa tumbo lake liwe tupu, ili asitapike na chakula kikaingia mapafuni. Kanuni iliyozoeleka kwa watoto ni kwamba chakula na maziwa ya kopo husimamishwa muda wa saa sita kabla, maziwa ya mama muda wa saa nne, na maji matupu muda wa saa mbili tu. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya sasa wanaruhusu maji hadi saa moja kabla. Katika wodi nyingi, hata hivyo, mama huambiwa sentensi moja jioni: asile wala asinywe chochote kuanzia saa nne usiku. Mtoto wa kwanza kwenye orodha hataumia sana. Wa pili ataumia, kwa sababu upasuaji wa moyo haufuati ratiba, na wa kwanza ukichelewa, wa pili hufika saa nane mchana akiwa hajagusa maji kwa muda wa saa kumi na sita.

Kwa mtoto mwenye tetralojia ya Fallot kiu hiyo ni hatari halisi. Mwili wake, kwa kukosa oksijeni kwa muda mrefu, umetengeneza chembe nyekundu nyingi kupita kiasi ili kuokoteza ile oksijeni kidogo iliyopo, na damu yake imekuwa nzito. Akikauka, inazidi uzito, na inaweza kuganda katika mishipa ya ubongo. Zaidi ya hayo, kiu, njaa na kilio humletea lile shambulio la ghafla la kubadilika rangi ambalo wazazi wa watoto hawa wanalifahamu vyema kuliko sisi: njia ya kwenda mapafuni hujibana, damu isiyo na oksijeni hukimbilia mwilini, midomo inakuwa ya zambarau, na mtoto analegea. Nilimwona mmoja wa miaka mitatu akichuchumaa kwenye kona ya korido, mgongo ukutani, magoti kifuani, huku mama yake akimpepea kwa ukingo wa kanga. Hakufundishwa na mtu. Watoto hawa hugundua wenyewe kwamba kuchuchumaa kunawapa nafuu, kwa kuwa mishipa ya miguu ikibanwa, damu husukumwa kurudi upande wa mapafu. Nilimuuliza mama kwa nini mtoto hajapewa maji, akanijibu kwa sauti ya mtu anayeogopa kukosea, "Waliniambia asinywe, dokta, nami sikutaka niwaharibie kazi." Upasuaji wake ulikuwa bado kwa muda wa saa tatu. Kikombe kimoja cha maji yenye sukari kidogo, na mtu mmoja mwenye jukumu la kupiga simu kutoka chumba cha upasuaji kwenda wodini kila ratiba inapobadilika, vingetosha kumwepusha na yote hayo. Hakuna mashine ya kununua hapo.

Jambo la pili la kabla ya upasuaji linahusu maarifa, na ni gumu zaidi, kwa sababu mara nyingi linapingana na yale ambayo muuguzi mzuri amejifunza katika wodi nyingine. Chukua mtoto mwenye chumba kimoja cha chini kinachosukuma damu kwenda mapafuni na mwilini kwa wakati uleule. Moyo wake ni kama pampu moja inayolisha mabomba mawili. Ukilipanua bomba moja, jingine hupungukiwa. Oksijeni ni dawa inayoipanua mishipa ya mapafu. Kwa mtoto huyu, oksijeni ya damu kati ya asilimia 75 na 85 ndiyo alama ya mizani iliyokaa sawa. Muuguzi aliyehamishiwa chumba cha uangalizi maalumu juzi, akiona 78 kwenye skrini, atafanya alichofundishwa kwa wagonjwa wengine wote na kuongeza oksijeni. Namba itapanda hadi 95, mtoto atapata rangi nzuri, na wote waliopo wataridhika. Ndani ya saa chache damu itakuwa imekimbilia mapafuni, figo zitakuwa zimeacha kutoa mkojo, matumbo yatakuwa yameanza kukosa damu, na lakteti, yaani tindikali inayozalishwa na mwili uliokosa damu, itakuwa inapanda. Mtoto atakuwa anakufa akiwa na namba nzuri kwenye skrini. Simlaumu muuguzi huyo hata kidogo. Ninaulaumu utaratibu unaomweka pale peke yake baada ya mafunzo ya wiki mbili.

Vivyo hivyo kwa kapovu ka hewa katika dripu. Kwa mgonjwa wa kawaida kapovu kadogo huishia mapafuni na kupotea. Kwa mtoto ambaye damu yake huvuka kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto, kapovu hako kanaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Na vivyo hivyo kwa damu ya vipimo. Mtoto mchanga wa kilo tatu ana damu isiyozidi sana mililita 250 mwilini mwake mwote, pungufu ya soda ya chupa. Ukimchota mililita tatu mara kumi kwa siku, umemtoa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya damu yote aliyonayo.

Kisha upasuaji unafanyika. Nitaupita haraka, kwa kuwa ndio sehemu inayoandikwa na wengine.

Mtoto anapotoka chumba cha upasuaji kwenda chumba cha uangalizi maalumu, anasafirishwa dakika chache tu, lakini ndizo dakika ambazo kila kitu kinabadilika kwa pamoja: mashine ya kupumulia inabadilishwa, pampu za dawa zinahamishwa, waya zinachomolewa na kuchomekwa upya, na taarifa zote za saa sita zilizopita ziko katika vichwa vya watu waliochoka wanaotaka kwenda kukaa. Katika Hospitali ya Great Ormond Street, London, daktari wa upasuaji Martin Elliott na mwenzake wa chumba cha uangalizi maalumu Allan Goldman walitazama mbio za magari ya Formula 1 kwenye televisheni baada ya kazi ngumu, wakaona jinsi mafundi wengi wanavyolizunguka gari, kila mmoja na kazi yake, bila kugongana na bila kelele. Walifanya mashauriano na timu ya Ferrari, wakabadilisha makabidhiano yao: nani anasimama wapi, nani anahamisha nini kwanza, nani anaongoza, na kwamba hakuna anayezungumzia taarifa za mgonjwa hadi vifaa viwe vimeunganishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Wastani wa makosa ya kiufundi kwa kila makabidhiano ulishuka kutoka 5.42 hadi 3.15, na taarifa zilizosahaulika zikapungua kwa karibu nusu. Hospitali hiyo ni miongoni mwa zilizo tajiri na zenye sifa kubwa duniani, na bado ilikuwa inakosea zaidi ya mara tano katika kumhamisha mtoto mmoja. Ninalitaja hilo kwa sababu karatasi moja iliyobandikwa ukutani, yenye kueleza nani anasimama wapi, haihitaji kuagizwa kutoka nje.

Sasa tufike usiku. Moyo wa mtoto mchanga uliosimamishwa, ukafunguliwa, ukashonwa na kuanzishwa upya, hauamki ukiwa na nguvu zake zote. Imejulikana tangu miaka ya 1990 kwamba nguvu ya moyo wa mtoto aliyefanyiwa upasuaji mkubwa hushuka hatua kwa hatua na kufikia chini kabisa kati ya saa ya sita na ya kumi na mbili baada ya upasuaji, kisha huanza kupanda. Takribani mtoto mmoja kati ya wanne hushuka kiasi cha kuhatarisha maisha. Zipo dawa za kuusaidia moyo kuvuka bonde hilo, milrinoni ikiwa mojawapo, na katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2003, kipimo cha juu cha dawa hiyo kilipunguza idadi ya watoto waliozama humo kutoka karibu asilimia 26 hadi karibu asilimia 12. Fanya hesabu ya saa. Upasuaji ukiisha saa kumi jioni, bonde linaanza saa nne usiku na kuisha saa kumi alfajiri. Kwa hiyo saa za udhaifu mkubwa wa moyo wa mtoto huangukia pale ambapo hospitali nayo ina udhaifu wake mkubwa: daktari bingwa yuko nyumbani, maabara ina mtu mmoja, benki ya damu imefungwa nusu, na muuguzi aliyeanza zamu jioni anapigana na usingizi. Nimeishi na hesabu hiyo miaka mingi na bado inanishtua.

Anayesimama ndani ya bonde hilo ni muuguzi. Skrini huchelewa; shinikizo la damu la mtoto hubaki zuri kwa muda mrefu kwa sababu mishipa yake hujibana kulilinda, na linapoanguka, huwa limechelewa kutangaza habari. Dalili za mapema ziko mkononi: miguu iliyopoa, mapigo yanayokwenda mbio, mkojo unaopungua chini ya mililita moja kwa kila kilo ya uzito kwa saa, ngozi inayochukua muda kurudisha rangi baada ya kubonyezwa. Kuzisoma kunahitaji mtu mmoja kwa mtoto mmoja, usiku wote, na kunahitaji awe ameshaona watoto wengi wa aina hiyo kiasi cha kutambua kwamba huyu wa leo hayuko sawa kabla hajaweza kueleza kwa nini.

Ushahidi wa hili si maoni ya wauguzi pekee. Utafiti wa hospitali za Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha vituo vinavyofanya upasuaji mwingi wa moyo wa watoto na vile vinavyofanya mchache. Wengi walitarajia kwamba katika vituo vidogo matatizo baada ya upasuaji yangekuwa mengi zaidi. Haikuwa hivyo, matatizo yalitokea kwa viwango visivyotofautiana sana. Tofauti ilikuwa kwamba, tatizo likishatokea, mtoto aliyekuwa katika kituo kidogo alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kwalo. Kwa maneno mengine, kuvuja damu, maambukizi na moyo kudhoofika havikwepeki kabisa hata kwa mikono bora. Kinachotofautisha vituo ni nani yupo kitandani vinapotokea, na anafanya nini katika nusu saa ya kwanza.

Uingereza ililipa gharama kubwa kulijifunza jambo hilo. Katika hospitali ya Bristol Royal Infirmary, uchunguzi wa umma uliokamilika mwaka 2001 ulihitimisha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 walikufa watoto wa chini ya mwaka mmoja kati ya 30 na 35 zaidi ya idadi ambayo ingetarajiwa kwingineko. Magazeti yaliwaandama madaktari wa upasuaji, na walikuwa na mengi ya kujibu. Ripoti yenyewe, hata hivyo, ilitazama mbali zaidi ya kisu. Ilionyesha kwamba upasuaji wa kufungua moyo ulifanyika katika jengo moja na wataalamu wa moyo wa watoto walikuwa katika hospitali nyingine. Kwamba watoto walilazwa katika chumba cha uangalizi maalumu pamoja na watu wazima. Kwamba wauguzi waliobobea katika watoto walikuwa wachache. Na kwamba daktari wa usingizi, Stephen Bolsin, aliyeanza kuhesabu vifo na kusema, hakusikilizwa kwa miaka. Nikiisoma ripoti ile ninaona hospitali ambayo ilijenga kila kitu kuzunguka meza ya upasuaji na kuviacha vingine vijipange vyenyewe.

Ndiyo maana nina wasiwasi na namna tunavyozitegemea kambi za upasuaji. Utaratibu wake unafahamika: timu ya wataalamu kutoka ng'ambo inakuja kwa wiki moja au mbili, inashirikiana na wenyeji, watoto kadhaa wanafanyiwa upasuaji, kunakuwa na mkutano na waandishi wa habari, idadi inatangazwa. Sizidharau kambi hizi. Watoto wengi wanaotembea leo wako hai kwa sababu ya kambi hizo, na wataalamu wetu wengi walishika kisu kwa mara ya kwanza ndani yake, mgeni akiwa amesimama upande wa pili wa meza. Lakini kambi ina kasoro iliyomo ndani ya umbo lake. Mtoto anayefanyiwa upasuaji siku ya kwanza anavuka usiku wake wa kwanza, wa pili na wa tatu akiwa na watu wengi waliobobea. Anayefanyiwa siku ya mwisho kabla ya ndege kuondoka huachwa kwa wenyeji waliochoka kwa wiki mbili za kazi isiyo na kikomo, katika chumba kilichojaa. Kama ningekuwa na mamlaka juu ya ratiba hizo, ningeifunga orodha ya upasuaji mgumu siku nne kabla ya wageni kuondoka, na ningemwomba muuguzi mmoja na daktari mmoja wa uangalizi maalumu wabaki wiki moja zaidi kuliko daktari wa upasuaji.

Taasisi zilizofanikiwa kusaidia kwa namna inayodumu zililitambua hili mapema. Shirika la Save a Child's Heart, lililoanza mwaka 1995 katika Hospitali ya Wolfson mjini Holon, Israeli, lilipokea watoto wengi kutoka Zanzibar na Tanzania Bara kwa ajili ya matibabu, lakini pia lilipokea watu wa kufundishwa, na kati yao walikuwamo wauguzi na wataalamu wa usingizi pamoja na madaktari wa upasuaji. Upo pia mtandao wa kuboresha ubora wa upasuaji wa moyo kwa watoto unaoratibiwa na Hospitali ya Watoto ya Boston, ambao mkazo wake uko katika mambo matatu yasiyo na mvuto wowote kwa kamera: usalama kabla, wakati na baada ya upasuaji, kupunguza maambukizi, na kumpa muuguzi mamlaka ya kusema na kusikilizwa. Katika vituo 28 vya nchi 17 zinazoendelea, kwa upasuaji zaidi ya 15,000 uliofanyika kati ya mwaka 2010 na 2012, vifo na maambukizi makubwa vilipungua. Kunawa mikono na kusikilizana kuliokoa watoto.

Kinachofuata kutoka katika hayo yote ni kwamba tubadilishe tunachokihesabu. Taarifa inayosema "watoto 30 wamefanyiwa upasuaji" inaeleza juhudi, nayo ni ya kupongezwa, lakini haielezi kama watoto hao wako hai. Ninapendekeza kila kituo kinachofungua moyo wa mtoto kitangaze, pamoja na idadi ya upasuaji, waliokuwa hai siku ya 30; waliopata maambukizi; waliorudishwa chumba cha upasuaji bila kupangwa; na usiku ambao mtoto aliyefanyiwa upasuaji hakuwa na muuguzi wake peke yake. Najua tangazo la namna hiyo linatisha, hasa kwa kituo kinachokubali watoto wagonjwa zaidi, na ndiyo sababu takwimu lazima zipimwe kwa ugumu wa kila kasoro. Lakini daktari wa upasuaji Marc de Leval wa London alifanya hivyo hadharani miaka ya 1990. Katika watoto wachanga 52 wa mwanzo aliowarekebishia mishipa mikuu iliyobadilishana mahali, alifariki mmoja. Katika 16 waliofuata wakafariki saba. Alizichora namba zake mwenyewe kwenye grafu, akazichapisha, akaenda kumtazama mwenzake anavyofanya, akarudi. Ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa upasuaji wowote aliowahi kuufanya.

Na kuna uhamisho wa watumishi. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, muuguzi aliyekuwa amekaa miaka mitano na watoto wa moyo, aliyeweza kulisikia tatizo kwa mlio wa mashine ya kupumulia akiwa amewapa mgongo, alipewa barua ya kuhamia kliniki ya wagonjwa wa nje, kwa sababu utaratibu wa hospitali ni kuwazungusha wauguzi wote kila baada ya muda. Aliyeiandika barua hakuwa na nia mbaya. Kwake muuguzi ni muuguzi. Hakuna hospitali inayomhamishia daktari wa upasuaji wa moyo kwenye kitengo cha macho ili apate uzoefu mpana. Hadi tutakapomtambua muuguzi wa uangalizi maalumu wa watoto wa moyo kama bingwa, mwenye daraja lake, posho yake ya usiku na haki ya kubaki pale alipobobea, tutaendelea kuwafundisha watu na kuwapoteza, na kila kundi jipya litajifunza kwa watoto.

Safari haishii chumba cha uangalizi maalumu pia. Mtoto aliyewekewa mrija mdogo wa kupeleka damu mapafuni anarudi nyumbani, pengine Kasulu au Sumbawanga, akiwa na dawa ya kuzuia damu kuganda na dawa ya kutoa maji mwilini ambayo kidonge chake lazima kisagwe, kichanganywe na maji na kupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mrija ule ni mwembamba kama mrija wa kalamu ya wino. Siku mbili za kuharisha, ambazo kwa mtoto mwingine ni usumbufu wa kawaida wa msimu wa mvua, zinaweza kuifanya damu ikaganda ndani yake na kuufunga. Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa, nilimpenda sana muuguzi mmoja aliyekataa kumpa mama karatasi ya dawa kabla hajarudia maelekezo kwa maneno yake mwenyewe. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, akamuuliza, "Haya, Mama Neema, niambie: akianza kuharisha usiku utafanya nini?"

Mama alimpandisha mtoto begani, akafikiri kidogo. "Sisubiri asubuhi, sista. Nampa maji ya chumvichumvi huku naenda naye hospitali usiku huohuo, na karatasi hii naishika mkononi, maana wale wa huko hawaujui moyo wake."